Namba Saba

Mama Mwadi huniuliza, kila Jumapili,
kwa nini nawasha gari lisilokwenda popote.
Namjibu: linapasha koo.

Nililikuta nyuma ya karakana ya mgodi,
kuku wametaga chini ya usukani,
wekundu wake umeliwa na jua na vumbi la Lubumbashi
hata hujui wapi rangi, wapi kutu.
Gasketi ya pampu nimeikata kwenye kiatu cha marehemu baba.
Kengele nimeisugua kwa majivu na limau.
Klachi bado ina kiburi; tunabembelezana.

Sijamwambia Mama Mwadi
kwamba hiyo saba ya mlangoni naijua tangu utotoni.
Ndilo tulilolingoja usiku ule, Katuba,
tukipokezana ndoo, na paa likilia
kama mahindi kikaangoni.
Lilifika alfajiri, likisukumwa na watu sita.
Betri ilikuwa imekufa.
Hakuna aliyeiua. Hakuna aliyeiangalia.

Basi nafungua boneti, napima maji ya betri,
grisi, mkanda, upepo wa magurudumu.
Nageuza ufunguo.
Linakohoa mara mbili. Linaitika.

Nalizima, nakwenda kunywa chai.