Hema la Shaame

Shaame alirudi kutoka Maskati na hema
la watu wanne, rangi ya ngamia,
akalibwaga barazani kwa Faki, pale Wete,
kama mtu anayeshusha gunia la mbatata.
Likatoka mchanga.
Si huu wetu mweupe wenye vipande vya simbi;
mwekundu, laini, kama mdalasini uliotwangwa.
Ukaingia kwenye nyufa za sakafu,
na mke wa Faki akenda kuchukua ufagio
bila ya kusema neno.

"Twendeni Ras Mkumbuu," akasema, "tukalale magofuni.
Miaka minane nawalaza wageni jangwani,
nawakokea moto, nawaonesha nyota,
sijalala hata usiku mmoja na watu
ninaowajua majina ya mama zao."

Baada ya hilo nani angekataa?
Kombo, mwalimu wa jiografia, na kitambi chake cha likizo;
Faki na sufuria, na kuku aliyekwisha kutiwa pilipili;
mimi na tochi, na khofu ya majini
niliyoirithi kwa bibi pamoja na masikio haya.

Kutoka Ndagoni ni miguu tu, na matope.
Mihogo, mikarafuu, bahari kushoto, bahari kulia,
mara mawe.
Msikiti hauna paa. Mihrabu bado imesimama,
imeelekea kule kule inakoelekea ya mtaani kwetu.
Kombo akavua viatu. Hakuna aliyemwambia.
Sote tukavua.

Pana kaburi lenye mnara, na mnarani mashimo ya duara
yalimokuwa mabakuli, Kombo anasema, ya Kichina,
kabla hayajapata watu wa kuyabandua.
Shaame akatia kidole kwenye shimo moja, akakizungusha.
"Kama ufizi," akasema.
Upande wa pili Faki kanyamaza ghafla.
Tukamfuata: ukutani, kwa msumari,
FAKI DARASA LA SABA.
Safari ya skuli, tulikuja kwa gari la mkaa.
Akasugua kwa kidole gumba mpaka kikachubuka.
Herufi hazikutikisika.

Mvua ilikuja saa nne usiku.
Haikunyunyiza kwanza, haikubisha hodi.
"Shaame! Hema lako linavuja!"
"Kule halijawahi kuulizwa swali hilo."
Tukakimbilia mihrabuni, wanaume wanne wazima,
tumebanana chini ya tao kama vifaranga,
Faki na sufuria kwapani,
Kombo anacheka hata hawezi kushika mfuniko.
Tukamla kuku gizani, kwa kupapasa.
Aliyepata firigisi mpaka leo hajajitaja.

Halafu Shaame akasema, kama anayezungumza na mvua:
"Kule niliiona mara mbili tu.
Mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama.
Wageni wakapiga makofi, wakanipiga picha,
wakadhani ni katika mambo waliyoyalipia."
Akanyoosha mkono nje ya tao,
kiganja juu, akauacha hapo.
Kombo alikuwa na la kusema, mwalimu hakosi la kusema.
Hakulisema.

Asubuhi tulilianika hema juu ya ukuta.
Mbu walikuwa wametula vya kutosha,
viatu vya Kombo vimekuwa vidimbwi,
na mtoto mmoja aliyetoka shambani
akatuangalia kwa muda mrefu, akauliza
kama nyumbani kwetu tumefukuzwa.

Ndege ya Shaame iliondoka Jumapili.
Hema kaliacha, liko darini kwa Faki, linanuka uvundo.
Lakini ule mchanga, anasema mke wa Faki, haujesha.
Kila akifagia unatoka kwenye nyufa, mwekundu, kidogo.
Anausukuma mpaka kizingitini,
anautazama,
kisha anaugeuzia ufagio mgongo
akaanze na jikoni.