Muhtasari wa Kikao Kilichonyeshewa

Waliohudhuria: Millaray, mwenyekiti,
buti zake zimejaa maji hadi kifundoni;
Eliseo, mweka hazina, na daftari asilomwachia mtu;
Schwencke, ambaye hakuna amwitaye jina la kwanza;
na mimi, katibu, na kalamu inayovuja.
Wasiohudhuria kwa udhuru: nusu ya chama.
Wasiohudhuria bila udhuru: jua,
tangu mwezi wa nne.

Sisi ni Chama cha Wanafunzi Watazama-Nyota
katika mji wa Valdivia, kusini mwa Chile,
ambako mvua haina msimu, ina makazi.
Aliyekiasisi chama alihamia kaskazini, jangwani,
akatuachia muhuri na deni.

Yatokanayo na kikao kilichopita:
Usiku wa Nyota.
Tarehe yake tuliibishania wiki tatu.
Ijumaa kuna mpira. Jumamosi watu hurudi kwao
na mifuko ya nguo chafu.
Alhamisi ikapita kwa kura tatu dhidi ya moja.
Ile moja ilikuwa yangu; naiandika isipotee.

Eliseo alipiga hesabu: unga, boga, mafuta,
vikombe mia moja, kwa matumaini.
Ikabaki pesa ya kukodi turubai
au ya kuchapa mabango.
Tukachagua mabango.
Yalikuwa mazuri. Yalichuruzika rangi ya samawati
ukutani mwa maktaba siku mbili, kisha yakawa uji.

Darubini tuliazima kwa Bi Otilia Kramm,
aliyefundisha fizikia kabla hatujazaliwa.
Sharti lake moja: isilowe.
Tuliitikia pamoja, haraka,
kama watoto wenye sukari mdomoni.

Ukumbi, idara ilitujibu, upo:
tarehe ishirini na nne.
Sisi tulitaka kumi na nne.
Kosa ni la katibu. Limeandikwa.

Basi tukasimama chini ya paa la banda la makasia,
ukingoni mwa mto, saa mbili usiku,
mvua ikimwagika kama iliyolipwa kwa kikombe.
"Tuahirishe," alisema Schwencke.
"Wao je, wameahirisha?" Millaray akauliza,
akaonyesha kwa kidevu:
miavuli, mmoja nyuma ya mwingine, ikishuka njiani.
Watu arobaini na watatu.
Eliseo aliwahesabu mara mbili, hakujiamini.

Walikula maandazi yote ya boga.
Walikunywa chai. Kisha wakanyamaza,
ukimya ule wa wageni wanaongoja walichoitiwa.
Mtoto mmoja, mdogo wake Nahuel wa mwaka wa kwanza,
akauliza: "Nyota ziko wapi?"

Sikuandika jibu kwa sababu halikutolewa.

Schwencke alivua koti, akaifunika darubini,
akaielekeza ng'ambo, si juu.
Kule, sokoni kwa samaki, chini ya taa moja,
simba-bahari alikuwa amelala juu ya mbao
mithili ya gunia lililosahauliwa na mwenyewe.

Sasa, darubini ile hupindua:
juu huwa chini, chini huwa juu.
Mtoto akatia jicho, akashika pumzi.
"Analala angani," akasema.
"Taa iko chini yake. Haanguki."

Foleni ilizunguka banda mara moja na nusu.
Nami nilipanga, zamu yangu ilipofika nikaona:
mnyama mzito kuliko sisi sote wanne,
ananing'inia gizani bila kamba,
masharubu yanadondosha mvua kwenda juu.

Mengineyo.
Mweka hazina anaomba iandikwe
kwamba turubai lingekuwa rahisi kuliko dawa
za mafua ya mwenyekiti. Imeandikwa.
Darubini imerudishwa ikiwa kavu.
Schwencke alivuka daraja kwa shati tu, akitetemeka.
Jina lake ni Leopoldo.
Nilimuuliza, ili muhtasari usiwe na pengo.

Kikao kilifungwa saa nne na dakika ambazo kalamu imezimeza.
Kijacho ni Alhamisi,
mvua ikipenda.