Vuli Isiyo na Mvua

Kamusi yangu ndogo, ile ya jalada la bluu,
inasema msimu huu unaitwa vuli.
Nikampigia mama simu: vuli imeingia.
Akauliza, "Mmeshapanda kunde?"

Hapana, mama. Hapa Guelph hakuna anayepanda.
Miti ndiyo yenye kazi:
imegeuka rangi ya bizari, kisha ya pilipili iliyoiva,
sasa inapukutika, jani moja moja,
bila haraka, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Mama akanyamaza kidogo.
"Na nani anafagia?"

Anafagia Bwana Kowalchuk,
kabeba mgongoni mashine ya kupuliza
inayonguruma tangu saa mbili kasorobo chini ya dirisha letu.
Anayakusanya majani ubavuni mwa maktaba,
rundo linafika kiunoni,
anageuka kuwasha sigara,
upepo unayarudisha yote.
Sijawahi kumwona akikasirika.
Siku moja alivua kofia, akausalimu.

Mimi huchelewa kwa sababu ya lile rundo.
Napita katikati yake na buti zangu za mtumba,
kama mtu anayekanyaga bisi,
naingia darasani na jani kwenye nywele
na Profesa Lindqvist, anayefundisha udongo,
ambaye hajacheka tangu mwezi wa tisa,
ananinyoshea kidole:
"Nyamizi, naona umeleta sampuli."

Mkahawani jina langu limeandikwa kwenye kikombe
kwa namna saba, nimezihesabu.
Jana nilikuwa Naomi. Leo nimekuwa Miezi,
na nimeona si vibaya
kunywa kahawa ya moto chini ya jina la kalenda nzima.

Jumatatu, supu ya maboga.
Jumanne, mkate wa maboga.
Jumatano kitu cha rangi ya maboga ambacho hakikutajwa jina.
Alhamisi tukaandamana kimyakimya kuelekea kwenye chipsi.

Na kule chini, kwenye chumba cha kufulia,
mashine namba nne inameza sarafu na kugoma.
Anneke, tunayelala naye chumba kimoja,
aliyekulia kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa,
anaipiga kofi ubavuni, anaisemesha kwa Kidachi cha bibi yake,
nayo inatii.
Kisha tunapanda juu ya mashine ya kukausha,
makalio yakipata joto,
tunaulizana habari za naitrojeni
mpaka soksi ziive.

Ukafika ule usiku wa kurudisha saa nyuma.
Saa nane ikawa saa saba tena.
Serikali imetugawia saa nzima, bure, bila kujaza fomu!
Nilikusudia kumalizia insha.
Anneke alikuwa anakoroma.
Nikavaa koti juu ya khanga, nikashuka,
nikakaa kwenye ngazi na tufaha mfukoni.

Hakukuwa na upepo.
Mwaloni ulio mbele ya bweni huchelewa kuliko miti mingine,
kama mimi.
Jani likidondoka usiku lina sauti, sikuwa nalijua hilo:
linagonga tawi, linagonga tawi jingine,
linatulia kidogo mahali fulani,
halafu nyasi.
Nilihesabu kumi na tisa.
Tufaha lilikuwa chachu na baridi hadi kwenye ufizi
na sikutaka kuwa mahali pengine popote.
Saa nane ikafika mara ya pili, insha ikiwa palepale.

Leo nimerudisha kitabu cha udongo.
Nimeshatoka nje ndipo nikakumbuka:
jani langu jekundu, lile zuri kuliko yote,
limebaki ukurasa wa mia mbili na kumi, penye mboji.
Nikasimama mlangoni.
Watu watatu walikuwa kwenye orodha ya kukisubiri.
Bwana Kowalchuk akazima mashine ili nipite,
nikapita katikati ya rundo, yeye akitazama,
akatikisa kichwa.

Ilikuwa Alhamisi. Harufu ya chipsi ilishafika nje.