Kipande cha Sukari Guru

Biringanya za Kolhapur ni fupi, nene kiunoni,
zambarau inayokaribia weusi.
Nazichanja msalaba, kikonyo nakiacha:
mama mkwe, Indutai, husema biringanya bila kikonyo
ni mgeni aliyevuliwa kilemba mlangoni.

Miaka kumi na minne nimo jikoni humu.
Nilitoka Bhavnagar; kwetu hata dengu hutiwa utamu.
Hapa pilipili husagwa kama kulipiza kisasi.
Juma la kwanza nilikula nikilia,
wakadhani nawakumbuka wazazi.
Nilikuwa nawakumbuka pia.

Mafuta yapate moto. Haradali kwanza, zirukeruke.
Uzile. Kisha mvuje, chembe tu,
unaonuka kama soksi za msafiri
mpaka uguse mafuta, ukasamehewa yote.
Karanga, ufuta, nazi kavu, giligilani
nimevitwanga tangu asubuhi, visilainike mno.
Ukwaju. Pilipili kijiko, na kingine.

Hapo ndipo Indutai huinuka kwenda kufunga dirisha.
"Nyani," husema, "wataingia."
Akinipa mgongo tu,
kipande cha sukari guru, ukubwa wa mbaazi,
hutoka pindoni mwa sari yangu
kikazama katika viungo.
Mezani wageni husifu mkono wa Indutai.
Mimi hugawa maji.

Jana sukari guru iliisha.
Mvua ilikuwa imefunga duka la Mhamane,
barabara inatembea yenyewe kuelekea mtoni.
Nikajaza biringanya hivyo hivyo,
nikazifunika, nikatia maji juu ya kifuniko,
zikaiva polepole, bila kosa la kuonekana.

Vishwas akala, macho kwenye simu.
Watoto wakala, wakigombea mkate wa mtama wa mwisho.
Indutai akamega, akatafuna kwa upande wenye meno,
akaitazama sahani
kama barua iliyofutwa neno moja.

"Duka limefungwa?"
"Duka gani, Mama?"

Akainuka, magoti yakinung'unika,
akafunua pipa la mchele,
akazamisha mkono hadi kiwikoni,
akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti la zamani:
bonge zima, la rangi ya chungu kipya.

"Hili ni la siku kama leo," akasema,
akipangusa punje za mchele mkononi.
"Na dirisha lile, mwanangu,
halijawahi kupita nyani."