Kisima Nambari Kumi na Saba

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu, Nélida Ibarzábal
anatoa chupa kwenye jokofu la maabara,
moja moja, kama anayetoa mayai chini ya kuku mkali.
Lebo zimepauka. Mwandiko ni wake, wa ujanani,
herufi zimesimama wima kama wanafunzi siku ya ukaguzi.
Maji hayana rangi. Hayana harufu. Hayana kosa.

Huko Santiago del Estero mvua ikigoma
ardhi hupasuka kama kisigino,
na watu hushusha ndoo mita kumi na mbili
wakapandisha giza lenye ubaridi, wakaliita uhai.
Kikulacho ki ndooni mwako, lakini hakina ladha.
Milima iliyotapika moto kabla hajazaliwa wa kuiogopa
ilimwaga majivu, majivu yakalala uwandani,
juu yake vumbi, juu ya vumbi mbuzi, juu ya mbuzi jua,
na chini, taratibu, maji yakiyalamba.

Alifika na gari la chuo lenye breki za kubahatisha,
akatazama viganja kabla ya kutazama visima:
sugu ndogondogo, punje za mtama zilizopandwa chini ya ngozi.
Kifua cha Doña Eduviges kilijaa madoa.
"Ni jua," alisema Eduviges. "Ni ukoo wetu."
Mumewe alikuwa amezikwa na jua hilohilo, ndani ya kibofu.

Wakamkaribisha kinywaji chao cha majani machungu,
ambacho, kwa mzaha wa lugha, huitwa mate:
kibuyu kimoja, mrija mmoja, watu tisa.
Kukataa ni tusi. Akanyonya.
Usiku alipiga hesabu ya alichokunywa, kisha akaifuta.

Kisima cha kumi na saba kilikuwa cha Hermógenes Luna,
aliyekuwa na binti wa miaka miwili asiyeshuka mgongoni.
Mashine ilisema: thelathini na nane.
Kikomo, mwaka ule, kilikuwa hamsini.
Nélida akaandika kwa wino mweusi, akagonga muhuri:
MAJI HAYA YANAFAA KUNYWEWA.
Hermógenes akachinja mbuzi.

Miaka minne baadaye, ng'ambo ya bahari, katika chumba chenye zulia,
wataalamu wakakaa, wakakohoa, wakashusha kikomo:
kumi.
Nani alitia sumu kisimani usiku ule?
Hakuna. Kalamu tu.

Aliendesha kilomita mia mbili akiirudiarudia sentensi moja.
Cheti alikikuta ukutani, ndani ya fremu,
kati ya Bikira Maria na picha ya farasi.
Majirani walikuwa wakija na ndoo kutoka mbali,
maana kisima kile kilikuwa na karatasi.
Hakusema, "Sayansi hukua." Hakusema, "Enzi zile."
Alisema, "Nilikosea," na hilo nalo halikuwa kweli yote,
ila lilikuwa fupi, lingebebeka.

Hermógenes alinyamaza. Binti, sasa wa miaka sita,
akavuta kiti, akapanda, akakitungua cheti,
akauliza: "Basi tunywe nini?"

Swali hilo ndilo lililokula miaka yake thelathini.
Matangi ya saruji ya kuvunia mvua,
mchanga na kutu ya misumari ndani ya ndoo,
barua kwa magavana watano;
wa sita alijibu, akitaka apigwe picha siku ya uzinduzi.
Eduviges hakuisubiri picha hiyo.

Sasa jokofu limebaki na chupa moja.
Nélida anasugua kiganja chake kwa kidole gumba,
mazoea tu, anajiambia, mazoea.
Anaipima tena, kwa mashine mpya isiyomjua.
Thelathini na nane. Maji hayajabadili ushahidi.

Anabandika lebo mpya. Haandiki yanafaa,
haandiki hayafai. Anaandika namba, na tarehe ya leo,
na chini yake anaacha nafasi
ya kalamu nyingine.