Tetri Ishirini

Lifti yetu ilikuwa haipandi bure.
Ilikuwa na kisanduku cha bati chenye mdomo mwembamba,
ukikilisha tetri ishirini
ndipo ijikokote, ikinguruma sauti moja nzito
toka chini mpaka ghorofa ya kumi na sita.
Sisi wapangaji tulisema: ina kikohozi.
Jumberi alisema: hapana, hiyo ni besi.

Nilihamia Gldani mwaka ule wa theluji ya Aprili,
na mkoba mmoja na cherehani ya umeme ya mama.
Siku ya pili nikamkuta ndani ya lifti,
mzee wa koti la mistari, mifuko imevimba sarafu,
viatu vinang'aa, soksi hazifanani.
Alibonyeza kumi na sita. Nyumba yake ilikuwa ya tatu.

Hakunisalimu. Alifumba macho,
akasubiri mngurumo utulie,
kisha akauwekea sauti yake juu,
sauti yenye ufa, kama kikombe kilichoungwa kwa gundi,
lakini ikatua mahali pake hasa.
Mlango ukafunguka huko juu. Hakutoka.
Akatia sarafu nyingine.
Mimi nilikuwa nashukia ya tisa. Tulishaipita.

Majirani walinieleza kwa vipande.
Kwamba walikuwa wanne, wakijiita Mbayuwayu.
Kwamba nyuso zao zilichapwa kwenye visanduku vya kiberiti.
Kwamba kule Batumi, kiangazi kimoja,
wasichana walivunja kioo cha basi lao
wapate japo kipande cha pazia.
Dali wa duka la mikate hakumbuki wimbo hata mmoja.
Anakumbuka suti. "Kijani," anasema,
"kijani ya njegere za kopo."

Kanda zao redioni zilifutwa,
zikarekodiwa taarifa za hali ya hewa.
Kwa hiyo wamo bado, labda, mahali fulani
chini ya mawingu yaliyokwisha kunyesha zamani,
wanaimba, na juu yao mtu anasoma
upepo wa Poti, ukungu wa Gori.

Avtandili alifia Thesaloniki, akiuza vitasa.
Wa pili yu hai, mtaa wa pili tu,
hawasemeshani kwa sababu ya spika iliyouzwa.
Na Tristani, aliyeshika sauti ya chini,
aliondoka ule msimu wa baridi usio na umeme,
watu walipochoma sakafu za nyumba zao wapate moto.

Nilimuuliza siku moja, kijinga,
kama kusahauliwa kunauma.
Hata hakunisikia. Alikuwa amekasirika:
tangu wabadilishe kamba lifti imeshuka nusu noti.
"Tristani hakushuka," alisema.
"Hata akiwa na homa. Hata akiwa amelewa."

Oktoba wakaleta lifti mpya.
Ina kioo, ina kadi, na ina ukimya
kama wa mtu aliyefundishwa adabu.
Jumberi aliipanda mara moja.
Akasimama katikati, shingo kaiinamisha kidogo,
akingoja.
Ghorofa ya tatu akatoka, kama watu wengine.

Wiki mbili sikumwona.
Kisha usiku, nikipinda mapazia ya hoteli,
nikasikia hatua ngazini, zinapumzika, zinapanda,
na mlango ukagongwa.
Koti lile lile. Jasho mpaka kwenye nyusi.
Alipita bila kukaribishwa, akaitazama cherehani,
akaweka tetri ishirini mezani, kando ya mkasi.

"Shona," alisema.

Mapazia yalikuwa yamekwisha.
Nikachukua foronya ya mto wangu mwenyewe,
iliyokwisha kupindwa na mama miaka mingi,
nikakanyaga.
"Polepole," alisema, macho kayafumba.
"Bado. Polepole zaidi. Hapo."