Joto Limeshuka

Damu ya Segundo Ahuanari niliichukua jioni,
mashua ya wakata mbao ilipotia nanga Mazán:
tone moja kutoka kidole kigumu kama kwato.
Kisha akaletwa mtoto wa akina Yahuarcani, ana degedege,
nikaliacha tone mezani, bichi, chini ya kioo chembamba,
halijatiwa rangi.
Robo saa, labda zaidi.
Mvua ilikuwa inavuka mto Napo, baridi yake imetangulia dirishani.

Niliporudi kwenye hadubini, fujo!
Kimelea dume kapasuka,
mikia minane inachapa, inachapa,
inazipiga kumbo chembe nyekundu
kama walevi wanaotafuta mlango.

Alidhani ameshafika.
Huyu asiye na jicho, asiye na pua,
alihisi joto limeshuka nyuzi kadhaa,
akaonja damu, ukali wake umebadilika,
akajiambia, kama hujiambia:
hapa si mwilini mwa mtu tena,
hapa ni tumboni mwa mbu, harusi ni sasa hivi.
Kumbe kioo.
Kioo cha Iquitos, boksi la hamsini, na risiti ninayo.

Miaka ishirini na miwili nasoma damu za watu.
Zamani nilimwita mwizi.
Siku hizi, Mungu anisamehe, namwona msafiri anayepapasa gizani:
hamjui Segundo, hajui deni lake la petroli,
ila anajua kala au kalala njaa;
mafuta fulani yakipungua damuni
wengine huacha kuzaana ovyo, hujitenga, hujiandaa kwa safari.
Na wapo wanaojilaza ndani ya ini,
kimya,
kama deni alilolisahau mdeni, si mdai.

"Lakini Hermelinda, anajuaje?"
"Wewe unajuaje mto utajaa?"
"Nawaangalia sisimizi wakihamisha mayai."
"Basi naye ana sisimizi wake."
Alicheka mpaka akakohoa.
Nikamhesabia vidonge kumi na vinne, viwili kila siku, wiki nzima,
nikamwapisha.

Siku ya nne asubuhi nilimkuta gatini,
shoka begani, anapakia petroli.
Paji la uso lilikuwa baridi, mwenyewe akanishikisha.
"Nimepona," akasema, akanirudishia bahasha.
Niliipapasa bila kuifungua:
vinane.